Eksileta Irudi Yenyewe: Somo la Kubadilisha Mipira ya Usukani wa Pikipiki Nyumbani

Pikipiki ina sehemu nyingi ambazo mtumiaji huzijali kwa sababu gharama zake ni kubwa: injini, tairi, mnyororo na betri. Zipo sehemu mbili zisizo na gharama kubwa, nazo kwa sababu hiyohiyo husahauliwa. Ni mipira miwili inayovikwa kwenye ncha za usukani, ambayo dereva huishika tangu anapoondoka hadi anapofika. Mafundi wengi huiita gripu. Katika somo hili tutaiita mipira ya usukani.

Tunakusudia kumwezesha mtumiaji wa kawaida kufanya mambo matatu: kutambua mipira iliyochakaa, kununua mipira inayofaa, na kuibadilisha yeye mwenyewe nyumbani kwa vifaa vichache. Juu ya hayo tunasisitiza jambo moja ambalo msomaji akilisahau, mengine yote hayatamfaa: kazi ya kubadilisha mipira haijakamilika mpaka eksileta, baada ya kuvutwa na kuachwa, irudi yenyewe bila kusaidiwa na mkono.

Kwa nini mpira mdogo una uzito mkubwa

Pale Rwamishenye, katika Manispaa ya Bukoba, pikipiki hupita mchana kutwa. Hubeba abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, wagonjwa wanaokwenda hospitali na watoto wanaokwenda shule. Zipo zinazobaki mjini, na zipo zinazoelekea Kemondo, Muhutwe na Muleba, kisha zikaiacha lami na kuingia njia za udongo mwekundu kati ya vibanja. Mwambao huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini: Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Machi hadi Mei ndiyo yenye mvua kubwa zaidi. Katika miezi hiyo mkono wa dereva huwa umelowa kwa saa nyingi.

Mkono wa kushoto hushika klachi. Mkono wa kulia una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuvuta eksileta na kushika breki ya mbele. Dereva anapofunga breki ghafla, au gurudumu linapoingia shimoni, mwili wake husukumwa mbele na uzito wake huangukia mikononi. Kama kuna mzigo au abiria nyuma, msukumo huo huongezeka. Wakati huo ndipo mpira wa usukani hupimwa. Ukiwa mzima, mkono hubaki mahali pake. Ukiwa laini kama kioo, mkono huteleza. Ukiwa umelegea, mpira wenyewe huzunguka au huchomoka, na dereva hubaki ameshika kitu ambacho hakijafungwa popote.

Dalili za mpira uliochakaa

Tunamshauri kila mtumiaji aikague mipira yake walau mara moja kwa mwezi, pikipiki ikiwa imezimwa na kusimamishwa kwenye stendi kuu. Ukaguzi huu hauhitaji kifaa chochote.

Kwanza, pitisha kiganja juu ya mpira. Mistari au vinundu vilivyomo vimewekwa ili kushika mkono na kupitisha maji ya mvua. Vikiwa vimelika na mpira unang'aa, muda wake umekwisha.

Pili, ubonyeze kwa ukucha. Mpira mzima hubonyea kisha hurudi. Mpira uliokauka kwa jua huwa mgumu na huonyesha nyufa. Mpira uliolowa mafuta au petroli huwa laini kupita kiasi na hunata.

Tatu, shika mpira wa kushoto kwa nguvu, ujaribu kuuzungusha na kuuvuta nje. Haupaswi kusogea hata kidogo. Upande wa kulia, eksileta huzunguka kwa kazi yake ya kawaida, kwa hiyo izungushe hadi mwisho, kisha ongeza nguvu kidogo. Kama mpira unaendelea kuzunguka wakati eksileta imefika mwisho, mpira huo umeachana na bomba lake.

Nne, tazama ncha. Pikipiki ikianguka mara kwa mara upande mmoja, chuma hutoboa mpira na kutokeza nje. Ncha ya namna hiyo huweza kumjeruhi dereva au mtembea kwa miguu.

Ukiona dalili moja tu kati ya hizi, badilisha mipira yote miwili kwa pamoja. Mipira ya umri tofauti hushika tofauti, na mikono hupata taarifa zinazopingana.

Kabla ya kununua: upande wa kulia si sawa na wa kushoto

Kosa ambalo wanunuzi hulifanya mara nyingi ni kudhani kwamba mipira miwili inafanana. Kwa macho hufanana, lakini tundu lake la ndani ni tofauti. Katika pikipiki nyingi za biashara zinazotumika nchini, usukani una unene wa milimita 22 kwa nje, na mpira wa kushoto huvikwa moja kwa moja juu ya chuma hicho. Upande wa kulia, chuma hicho kimevikwa kwanza bomba la plastiki linalozunguka na kuvuta waya wa eksileta. Mpira huvikwa juu ya bomba hilo. Kwa hiyo tundu la mpira wa kulia ni kubwa zaidi, kwa kawaida takriban milimita 25. Mtu akivika mpira wa kulia upande wa kushoto, hautashika hata akimimina gundi kopo zima.

Njia nyepesi ya kuepuka kosa hilo ni kwenda dukani na mipira ya zamani, au walau na vipimo vyake. Pima urefu pia. Mpira mrefu kupita bomba ni hatari kuliko mpira uliochakaa, kwa sababu tutakazozieleza baadaye.

Mbele ya muuzaji, fanya haya:

1. Fungua pakiti na ulinganishe matundu mawili. Moja liwe kubwa kuliko jingine.
2. Ukunje mpira kidogo kwa vidole. Ukionyesha nyufa au ukabaki umekunjika, usiununue.
3. Chungulia ndani. Uso wa ndani uwe sawasawa, usio na mabaki ya mpira yaliyojikunja.
4. Soma pakiti. Angalia jina la mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa na aina ya pikipiki iliyokusudiwa. Jina maarufu lililoandikwa kwa herufi zilizokosewa ni onyo.
5. Dai risiti ya EFD, na uitunze. Risiti ndiyo ushahidi wako iwapo bidhaa ina kasoro.

Mipira ya mapambo, yenye manyoya au yenye unene mkubwa, huvutia macho. Tunashauri ichunguzwe kwa uangalifu zaidi, hasa kwa dereva mwenye mikono midogo. Kadiri mpira unavyonenepa ndivyo vidole vinavyochelewa kuufikia mkono wa breki.

Vifaa vinavyohitajika

Andaa kisu kikali au wembe wenye mshikio, kitambaa safi, msasa laini, spiriti, gundi ya mpira yenye maelezo ya matumizi kwenye kopo, na bisibisi kama ncha za usukani zimefungwa kwa skrubu. Fanyia kazi nje au mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa, sigara na watoto, kwa kuwa spiriti na gundi hushika moto kwa urahisi. Chagua jioni ambayo pikipiki haitahitajika hadi kesho yake.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: kuondoa. Zima injini, toa ufunguo, simamisha pikipiki kwenye stendi kuu. Kabla ya kutoa chochote, weka alama ya penseli au utepe mahali mpira wa zamani unapoishia, ili mpya ukae palepale. Kama ncha za usukani zina vyuma vilivyofungwa kwa skrubu, vifungue na uviweke pamoja. Pasua mpira wa zamani kwa urefu, ukielekeza kisu mbali na mwili na mbali na mkono mwingine. Upande wa kulia pasua kwa kina kidogo kidogo: chini yake ni plastiki, na mkwaruzo wa kisu unaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Hatua ya pili: kusafisha. Ondoa gundi ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti. Upande wa kushoto, kama chuma kina kutu, kisugue kwa msasa laini hadi kiwe sawasawa, kisha kifute. Usitumie petroli wala mafuta ya taa. Petroli huharibu mpira na ni hatari ya moto. Mafuta ya taa huacha utelezi usiokauka, na gundi haitashika juu yake.

Hatua ya tatu: kukagua bomba la eksileta. Kabla ya kuvika mpira mpya, zungusha bomba tupu na uliachie. Linapaswa kurudi kwa haraka. Kama linasita, kosa haliko kwenye mpira: huenda waya wa eksileta umeanza kukatika nyuzi, umepinda au umekosa mafuta, au bomba limejaa vumbi. Simama hapo, umwite fundi. Mpira mpya hautaponya waya mbovu. Utaficha tu ugonjwa.

Hatua ya nne: kuvika upande wa kushoto. Jaribu kwanza mpira ukiwa mkavu. Ukiingia kwa ulaini bila kusukumwa, tundu lake ni kubwa mno, urudishe dukani. Ukikataa kuingia, hiyo ndiyo dalili njema. Paka gundi nyembamba ndani ya mpira na juu ya chuma kwa namna maelezo ya kopo yanavyoelekeza, kisha usukume mpira huku ukiuzungusha, bila kusimama njiani, hadi ufike kwenye alama. Una sekunde chache tu za kuuweka sawa kabla gundi haijashika. Futa gundi iliyotokeza.

Hatua ya tano: kuvika upande wa kulia. Hapa panahitajika uangalifu wa pekee. Usipake gundi ndani ya mpira. Ukifanya hivyo, ncha ya bomba huikusanya gundi na kuisukuma hadi mwisho, ambako huweza kupenya kati ya bomba la plastiki na chuma cha usukani. Gundi ikikauka hapo, eksileta haitarudi. Paka badala yake tabaka jembamba juu ya bomba lenyewe, ukiacha wazi karibu sentimita moja kutoka ncha ya nje. Sukuma mpira kwa kuuzungusha. Kati ya ukingo wa mpira na kasha la swichi acha nafasi ya milimita 1 hadi 2. Mpira ukigusana na kasha, msuguano huo peke yake waweza kuizuia eksileta isirudi.

Hatua ya sita: kusubiri. Rudisha vyuma vya ncha ukiwa na hakika kwamba havibani mpira wa kulia. Iache pikipiki usiku mzima, au saa 24 kama kopo la gundi halisemi vingine. Dereva anayeondoka baada ya nusu saa kwa sababu mpira unaonekana kushika anaendesha juu ya gundi mbichi.

Jaribio lisiloweza kurukwa

Gundi ikishakauka, fanya jaribio hili kwa utaratibu tuliouweka hapa.

Injini ikiwa imezimwa, vuta eksileta hadi mwisho, kisha fungua kiganja chote. Lazima irudi yenyewe kwa mdundo unaosikika. Rudia usukani ukiwa umenyooka, ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, na ukiwa umekatwa kulia hadi mwisho. Kila upande fanya mara tatu.

Kisha pima ulegevu wa eksileta. Mpira unapaswa kuzunguka milimita 2 hadi 6 hivi kabla waya haujaanza kuvuta. Kama hakuna ulegevu wowote, waya umekazwa mno.

Mwisho, washa injini ikiwa nyutro, pikipiki ikiwa kwenye stendi, bila kuvuta mafuta. Kata usukani kushoto na kulia polepole. Mngurumo usibadilike. Ukipanda unapokata kona, waya unavutwa na usukani, na pikipiki hiyo siku moja itaongeza mwendo yenyewe kwenye kona.

Pikipiki iliyoshindwa sehemu yoyote ya jaribio hili isiendeshwe, hata kama abiria anasubiri.

Njia za mkato tunazozikataza

Kuzungusha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli juu ya mpira uliochakaa ni desturi iliyoenea. Upande wa kushoto ni ubahili. Upande wa kulia ni hatari, kwa kuwa kipande kikilegea huweza kunasa kwenye kasha la swichi na kuikamata eksileta ikiwa imevutwa. Kupaka grisi, mafuta ya kula au sabuni ili mpira uingie kwa urahisi nako hakufai: grisi na mafuta havikauki, na sabuni iliyobaki ndani huamka siku ya mvua. Gundi kali ya matone ya kukauka papo hapo haifai pia, kwa sababu hushika kabla mpira haujafika mahali pake, na hukatika kwa mtikisiko.

Nani alipe?

Kuna kikwazo kisichohusu ufundi. Madereva wengi wa bodaboda huendesha pikipiki za watu wengine na hupeleka hesabu kila siku. Mwenye chombo husema matengenezo madogo ni ya dereva. Dereva husema chombo si chake. Kati ya maneno hayo mawili mpira uliochakaa huendelea kubaki, na mtu wa tatu, yaani abiria, ambaye hakushirikishwa katika mazungumzo hayo, ndiye anayekaa nyuma.

Tunashauri mkataba kati ya mwenye pikipiki na dereva utaje kwa maandishi sehemu za usalama: breki, tairi, taa, nyaya na mipira ya usukani. Uandikwe kwamba gharama ya sehemu hizo hukatwa kwenye hesabu kwa risiti, na kwamba siku ya matengenezo hayo haihesabiwi kuwa deni. Mwenye chombo anayekataa kipengele hicho anaokoa fedha kidogo leo na kuhatarisha chombo kizima kesho. Dereva naye anayekubali kuendesha pikipiki ambayo eksileta yake inasita amekubali kubeba lawama ambayo hesabu ya mwaka mzima haiwezi kuilipa.

Haki zako kama mlaji

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitumia Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Siku hiyo sasa huadhimishwa kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Haki hizo nne zinaenea hadi kwenye bidhaa ndogo kama mpira wa usukani.

Una haki ya usalama: fundi akikubadilishia mipira, mtake afanye jaribio la eksileta mbele yako kabla hujamlipa. Fundi mwema hatakasirika. Una haki ya taarifa: uliza bidhaa imetoka wapi na inafaa pikipiki gani. Una haki ya kuchagua: hulazimiki kununua mpira wa duka la fundi anayekutengenezea. Una haki ya kusikilizwa: bidhaa ikiwa na kasoro, anza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tume hiyo pia hushughulikia bidhaa bandia kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Masuala ya ubora na viwango yapo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Abiria naye ni mlaji. Kabla ya kupanda, anaweza kuutazama usukani. Akiona chuma kimetokeza kwenye ncha, au vipande vya mpira vilivyozungushiwa upande wa kulia, ana haki ya kumwambia dereva kwa heshima kwamba atapanda nyingine. Neno hilo likisemwa na abiria kadhaa katika wiki moja, litamfikia mwenye chombo haraka kuliko onyo letu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tundu la mpira wa kulia ni kubwa kuliko la mpira wa kushoto?
2. Gundi ya upande wa kulia hupakwa wapi, na kwa nini haipakwi ndani ya mpira?
3. Taja hali tatu za usukani ambazo eksileta hujaribiwa injini ikiwa imezimwa.
4. Mngurumo wa injini ukipanda unapokata usukani, tatizo liko wapi?
5. Je, mkataba wako, au wa jirani yako anayeendesha bodaboda, unasema nani hulipia sehemu za usalama?

Msomaji anayeweza kujibu maswali manne ya kwanza bila kurudi nyuma anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwake. Swali la tano halijibiwi peke yako. Lipeleke kwa mwenye chombo kabla ya kupeleka hesabu ya wiki hii.